Tuko wawili tu na aleti elfu moja na zaidi kwa siku, tunawakamataje wavamizi mapema?

zamu_ya_usiku

Wakuu habari za majukumu. Naomba mnisaidie kwa hili maana limenikosesha usingizi miezi sasa. Mi na mwenzangu mmoja ndo kitengo kizima cha usalama wa mtandao kazini kwetu, wawili tu, tunalinda kompyuta kama 600, seva 40 na ushee, alafu imeili na mafaili ya watu wote yako kwenye klaudi. Mwaka jana tulisakinisha Wazuh, programu inayokusanya logi (kumbukumbu za matukio ya mashine) na kutoa aleti, yaani onyo, ikiona kitu cha kutilia shaka, tukaunganisha kila kitu tulichoweza kuunganisha, logi za Windows, fayawoli, imeili, antivairasi, zote zikawa zinaingia sehemu moja na tukaona hapa sasa tumefika.

Sasa kinachotokea ni kwamba tunapata aleti kama 1,200 kila siku. Tukigawana ni 600 kila mtu, na kwa masaa nane ya kazi hiyo ni sekunde 48 kwa kila aleti bila kula, bila kikao, bila kumsaidia mtu aliyesahau pasiwedi. Kwa hiyo tunachofanya kweli ni kufunga tu. Tunasoma kichwa cha aleti, tunafunga, inayofuata.

Wiki tatu zilizopita akaunti ya dada mmoja wa uhasibu ilitekwa. Mvamizi akaingia kwenye imeili yake, akaweka kanuni kwamba kila ujumbe wenye neno ankara uhamishiwe kwenye folda la RSS ambalo hakuna mtu huwa analifungua, alafu akawa anajibu wateja yeye mwenyewe akiwapa akaunti nyingine ya benki. Tuligundua siku ya tisa, na siyo sisi tuliogundua, ni mteja alipiga simu kuuliza mbona mmebadilisha benki. Tuliporudi kwenye logi tukakuta aleti ilitoka siku ile ile ya kwanza, na niliifunga mimi, jina langu liko pale. Yule dada alilia ofisini akidhani kosa ni lake.

Bosi anasema yuko tayari kununua mtambo mpya wenye akili mnemba. Mwenzangu anataka tuongeze kanuni nyingi zaidi ili tusipitwe. Mi sijui tena. Wenye timu ndogo kama yetu mnafanyaje?

Fundi_Logi

Pole sana mkuu, na hilo la kuifunga aleti usilibebe peke yako, mtu anayepewa sekunde 48 kwa kila kitu atafunga tu, hata umlete nani.

Nianze na hesabu maana ndo inayoeleza kwa nini hali iko hivyo. Chukua matukio milioni moja kwa siku, ambayo kwa kompyuta 600 ni kitu cha kawaida kabisa. Tuseme ndani yake matukio 10 ni ya mvamizi kweli. Alafu una kanuni nzuri mno, zinakosea mara moja tu kwa kila matukio 1,000. Hiyo ni aleti za uongo karibu 1,000 zikificha zile 10 za kweli, yaani kwenye kila aleti 100 unazofungua ni moja tu yenye kitu. Mtafiti Stefan Axelsson alilionyesha hili mwaka 1999 na halijabadilika mpaka leo kwa sababu ni hesabu tu, haijali mtambo ni wa nani. Kwa hiyo wazo la mwenzako la kuongeza kanuni, kwa heshima zote, litawazamisha.

Mi ningefanya hivi. Toa aleti zote za siku 30 zilizopita, zipange kwa jina la kanuni, hesabu kila kanuni imelia mara ngapi na kati ya hizo ni ngapi mlizifanyia kitu chochote. Ukiweka kwenye Excel utaona kanuni chache tu, pengine kumi au kumi na tano, ndo zinazaa sehemu kubwa ya kelele yote. Kwenye moja ya hizo utakuta ni skana yenu wenyewe ya udhaifu inayozunguka kila usiku, nyingine ni akaunti ya bakapu ambayo pasiwedi yake ilibadilishwa na kuna seva bado inajaribu ile ya zamani kila dakika tano na kuzalisha 4625, namba ya Windows ya mtu kushindwa kuingia, mpaka kesho. Hiyo ya pili usiizime, irekebishe, maana aleti nyingi za uongo ukweli wake ni kitu kibovu kinachosubiri fundi.

Alafu kila kanuni iliyobaki muulizane, hii ikilia saa nane usiku mmoja wetu atatoka kitandani? Kama jibu ni hapana, basi isiwe aleti. Iache iwe logi. Hiki kitu watu wanakichanganya sana, kuondoa aleti haimaanishi kufuta kumbukumbu, logi inabaki pale na siku ukichunguza tukio utaitafuta na utaipata, ila haikuiti. Sisi tulikuwa watatu, tukashuka kutoka aleti kama 900 hadi chini ya 40 kwa siku ndani ya miezi miwili, na hapo ndo kwa mara ya kwanza tukaanza kuzisoma.

Na usidhani ni shida ya timu ndogo tu. Target, kampuni ya maduka ya Marekani, mwaka 2013 walikuwa na timu kubwa na mitambo ya gharama, mitambo ikalia kabisa kwamba kuna programu mbaya imeingia, aleti hazikufanyiwa kazi kwa wakati, kadi za benki milioni 40 zikaenda.

mama_seva

Fundi kasema kweli kwenye hesabu lakini nina wasiwasi na njia ya kuanzia. Ukianza na aleti ulizonazo ukazipunguza, unabaki na zilizokuja na mtambo, na aliyezitunga haijui nyumba yako. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mi ningewashauri waanze upande wa pili, wakae wawili na karatasi wajiulize mvamizi akishaingia kwetu, ni vitu gani lazima avifanye na ambavyo mfanyakazi wa kawaida havifanyi kabisa au anavifanya mara moja kwa mwezi. Hapo ndo unapata aleti chache zenye uzito.

Kwa mfano wako mwenyewe, kanuni mpya ya imeili inayohamisha au kufuta ujumbe wenye maneno ya malipo, au inayotuma nakala nje ya kampuni. Kwa watu 600 hizo zinatengenezwa ngapi kwa siku? Chache sana. Kila moja unaweza kuiangalia kwa macho. Hiyo hiyo ingekuwa kwenye orodha ya vitu 15 badala ya 1,200, usingeifunga.

Nyingine ni simu au kifaa kipya kusajiliwa kwenye uthibitisho wa hatua mbili. Hii msiidharau. Desemba 2020 FireEye, kampuni ya usalama wa mtandao, waliligundua lile tukio la SolarWinds, ambapo wavamizi walipenyeza programu mbaya kwenye sasisho za programu ya kampuni hiyo, na lilikuwa limepita kwenye ofisi nyingi kubwa za serikali ya Marekani bila mtu kujua, na walianzia kwenye kitu kidogo mno, akaunti ya mfanyakazi wao imesajili simu ya pili, mtu wa usalama akampigia mwenye akaunti akamuuliza ni wewe, akajibu hapana. Basi. Wote waliokuwa na mitambo ya mamilioni wamepitwa na kilichofungua mlango ni simu moja ya kuuliza.

Mwaka 2023 tena, wizara ya mambo ya nje ya Marekani ndo iliyoona kwamba kuna watu wanasoma imeili zake kwenye klaudi ya Microsoft. Waliona kwa sababu walikuwa wameandika kanuni yao wenyewe, kwa mkono, inayoangalia ni programu gani inafungua visanduku vya imeili, na walikuwa wanalipia logi za daraja la juu ambazo wengine hawakuwa nazo. Baadaye Microsoft wakapanua logi hizo kwa wateja wengi zaidi bila malipo ya ziada, kwa hiyo zamu_ya_usiku nenda kaangalie leo kwenye klaudi yenu nini kimewashwa, maana watu wengi wanazo na hawajui.

Upande wa Windows mimi nisingekubali kukosa hizi: mtu kuongezwa kwenye kundi la maadmini, hiyo ni 4728 au 4732, logi ya usalama kufutwa ambayo ni 1102, na hiyo jamani hakuna sababu yoyote ya kawaida ya mtu kuifuta, huduma mpya kusakinishwa kwenye seva, 7045, antivairasi kuzimwa, na amri ya vssadmin inayofuta nakala za kivuli, zile za akiba ambazo Windows inajitunzia, kwa sababu ransomwea nyingi, programu zinazofunga mafaili ili udaiwe fidia, huzifuta kabla hazijaanza kufunga mafaili. Ili uione hiyo ya mwisho lazima uwashe 4688, logi ya kila programu inayoanzishwa, pamoja na mstari mzima wa amri, Windows haiwashi hivyo vitu yenyewe, au usakinishe Sysmon, programu ya Microsoft ya kurekodi matukio ya mashine, ambayo ni bure. Nimeona watu wameandika kanuni nzuri sana juu ya logi ambayo haijawahi kuwashwa.

Fundi_Logi

Dada hapo nakubali, tena 4688 bila mstari wa amri ni kama kuambiwa mtu kapita bila kuambiwa kabeba nini. Ila bado nashikilia kwamba kelele ipunguzwe kwanza, hata wiki moja tu, maana hizo kanuni zako 15 zikimwagwa ndani ya zile 1,200 zitazama vilevile.

mama_seva

Basi waziweke foleni tofauti. Foleni ya dhahabu yenye hizo chache, inaangaliwa kwanza asubuhi na kila baada ya saa moja, na ile nyingine ya zamani ibaki inaliwa taratibu ukiwa na nafasi. Usisubiri usafi uishe ndo uanze kulinda.

Fundi_Logi

Sawa, hiyo naichukua. Hata mimi ningeanza hivyo leo.

Kipanga

Naona hakuna aliyetaja mitego na kwa timu ya watu wawili mi ndo kitu ningeweka mapema kabisa, kabla hata ya nusu ya hizo kanuni.

Mwaka 1986 kulikuwa na mnajimu anaitwa Clifford Stoll, mwanasayansi wa nyota, aliyehamishiwa kwenye kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley kule California. Akaambiwa atafute kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta zinapishana kwa senti 75. Senti 75 tu. Akafuatilia akakuta kuna mtu anaingia kwenye mashine zao na kupitia humo anaingia kwenye mitandao ya jeshi. Wakawa hawawezi kumfuatilia mpaka mwisho wa laini ya simu kwa sababu mvamizi hakai muda mrefu, ndipo Stoll akatengeneza mafaili ya uongo kuhusu mradi wa ulinzi wa makombora, marefu na yenye vichwa vya kuvutia, jamaa akakaa kuyasoma na laini ikafuatiliwa hadi Hannover, Ujerumani. Angalia alikuwa na nini: jicho linalojua hesabu za kawaida za mashine yake, na chambo. Hakuwa na timu.

Uzuri wa chambo ni kwamba ile hesabu ya Fundi haikugusi. Faili ambalo hakuna mfanyakazi ana sababu ya kulifungua, likifunguliwa, kuna jambo. Tengeneza akaunti ya huduma, yaani ya kutumiwa na programu siyo mtu, kwenye domeni yenu, ule mfumo mmoja unaosimamia akaunti na kompyuta zote za ofisi, ipe jina linalofanana na zenu za kweli, ipe pasiwedi ndefu sana ya herufi zisizo na mpangilio ambayo hata wewe huijui, isajili kama huduma ili ionekane ni ya kuibia tiketi za Kerberos, mfumo ambao Windows inautumia kuthibitisha nani anaingia wapi, alafu weka aleti moja, mtu yeyote akiomba tiketi ya akaunti hii, ile 4769, niamshe. Wavamizi wengi wakishaingia huomba tiketi za akaunti zote za huduma kwa mkupuo wakazivunje nje, kwa hiyo wataigusa bila kuchagua. Nyingine ni faili la Excel lenye jina la pasiwedi kwenye folda la pamoja, kuna huduma ya bure inaitwa Canarytokens inakutengenezea faili ambalo likifunguliwa linakutumia imeili.

Ila tahadhari mbili. Bakapu na antivairasi zenu zitagusa mafaili ya mtego, kwa hiyo lazima uzijue na uziondoe kwenye hesabu mapema, la sivyo mtego nao unakuwa kelele. Na usiwaambie watu wengi mtego uko wapi, lakini mwambie angalau mtu mmoja wa mifumo, maana nimeshaona admini mwenye nia njema anafanya usafi anafuta akaunti ambayo haitumiki na mtego ukaondoka bila mtu kujua kwa miezi minne.

zamu_ya_usiku

Aisee asanteni sana, nimenakili kila kitu. Swali langu lingine, na hili ndo linanitisha zaidi. Sisi tunalala. Jina langu hapa ni zamu ya usiku lakini ukweli usiku hakuna zamu. Hao watu wa ransomwea wanapenda ijumaa usiku na sikukuu. Hata nikiwa na aleti 10 safi, ikilia saa tisa usiku nani anaiona?

Kipanga

Hapo pagumu kweli. Hesabu ya kawaida ni kwamba ili uwe na mtu macho masaa 24 siku saba unahitaji watu watano au sita ukiweka likizo na magonjwa, kwa hiyo wawili haiwezekani na msijaribu, mtaumwa. Kuna njia mbili tu naziona. Ama mnalipa watu wa nje wawaangalie usiku, ama mnaruhusu mashine ijitenge yenyewe kwenye mtandao aleti chache sana zikilia.

mama_seva

Kwenye kujitenga yenyewe niwape kisa. Sehemu niliyofanya kazi zamani tuliweka kwamba EDR, programu inayochunga kila mashine kama antivairasi yenye uwezo zaidi, ikiona kitu cha hatari itenge mashine yoyote ile, na tuliandika mashine yoyote. Jumamosi moja ikatenga seva ya domeni kwa sababu admini alikuwa anaendesha skripti ya PowerShell, lugha ya amri ya Windows, ya kukagua akaunti. Watu hawakuweza kuingia popote masaa matano, na kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunaingia kwa akaunti za domeni hiyo hiyo, tukashindwa hata kuingia kwenye mtambo kuitengua. Tangu hapo msimamo wangu ni huu: laptopu za watumiaji zijitenge zenyewe, tena bila huruma, kosa likitokea mtu mmoja anapata usumbufu jioni moja. Seva hapana, seva ziamshe binadamu. Na akaunti moja ya dharura isiyotegemea domeni, pasiwedi yake imeandikwa na kufungiwa mahali, ijaribiwe kila baada ya miezi mitatu.

Akaunti za klaudi nazo unaweza kuzikata zenyewe, yaani ikionekana imetekwa inatolewa kwenye vifaa vyote na kulazimishwa kubadilisha pasiwedi. Hilo ni rahisi kulitengua asubuhi.

Fundi_Logi

Na hao wa nje wa usiku mkiwachukua, muulizeni kabla ya kusaini wanaruhusiwa kufanya nini saa tisa usiku bila kuwauliza. Kama wanachofanya ni kutuma imeili tu, mmenunua imeili ambayo mtaisoma saa mbili asubuhi. Wapeni ruhusa ya kutenga laptopu na kufunga akaunti, alafu namba mbili za simu za kupiga kwa kila kilichobaki, na mfanye jaribio la kweli usiku mmoja bila kuwaambia mapema muone simu inapigwa baada ya dakika ngapi.

Kwa nini muda unahesabika, angalia ripoti za kila mwaka za Mandiant, kampuni inayochunguza uvamizi. Mwaka 2011 nusu ya wavamizi walikaa ndani zaidi ya siku 416 kabla ya kugunduliwa, mwaka 2023 ikashuka hadi siku 10. Watu wanafurahia hiyo namba lakini sehemu yake ni kwamba ransomwea hujitangaza yenyewe, inaweka ujumbe kwenye kioo, haikugunduliwa na mtu. Kwa hiyo nafasi yenu ya kumkamata iko kwenye hizo siku chache kati ya kuingia na kufunga mafaili, na siku nyingi katika hizo ni siku za kazi, mko macho. Usiku siyo kila kitu mkuu.

mgeni77

Samahani mi bado mwanafunzi, naomba kuuliza hilo la akili mnemba ambalo bosi wake anataka kununua, halisaidii kweli?

mama_seva

Linasaidia mdogo wangu, kwenye mambo fulani. Ukimpa aleti na logi zinazoizunguka atakufupishia haraka na kukueleza amri ndefu ya PowerShell iliyofichwa inafanya nini, hiyo inakuokolea dakika nyingi. Ila hajui kwamba yule mhasibu yuko likizo ya uzazi kwa hiyo hapaswi kuingia, hajui kwamba kuna fundi wa nje huingia kila jumanne. Hayo mpaka mtu ayaandike. Timu ambayo haijayaandika itapata mtambo unaofunga aleti kwa haraka kuliko wao, na ile ya yule dada wa uhasibu ingefungwa tu. Kwa hiyo bosi asinunue kwanza, hizo hela zikafanye kazi ya usiku.

Kipanga

Niongeze kitu kimoja nilichojifunza kwa maumivu. Jaribuni kanuni zenu. Kuna mkusanyiko wa bure unaitwa Atomic Red Team, ni amri fupi fupi zinazoiga anachofanya mvamizi, zimepangwa kwa namba za MITRE ATT&CK, orodha ya mbinu za wavamizi. Chukua mashine moja ya majaribio, endesha amri moja, angalia kama aleti imetoka. Mara ya kwanza tulipojaribu zetu, kati ya kanuni 20 tulizokuwa tunaziamini 8 hazikulia. Nyingine logi haikuwashwa, nyingine jina la sehemu ya data lilibadilika baada ya kusasisha programu, moja ilikuwa na herufi moja imekosewa, na ilikuwa hivyo tangu siku ilipoandikwa.

Na mbaya kuliko zote ni logi inayokatika kimya kimya. Tuliwahi kuwa na seva ya domeni iliyoacha kutuma logi wiki tano, ajenti, ile programu ndogo inayotuma logi, ilikufa baada ya sasisho, na kwenye skrini yetu kila kitu kilikuwa kijani kwa sababu hakuna aleti. Tuliona ni utulivu. Sasa hivi aleti yetu ya kwanza kabisa ni ya ukimya, seva muhimu isipotuma kitu kwa dakika 30 tunaitwa. Saa za mashine zote nazo ziwe sawa, mkitofautiana dakika saba hamuwezi kupanga nani alianza.

Logi zenyewe zikae mwaka mkiweza. Sasisho zile za SolarWinds zenye sumu zilianza kusambaa Machi 2020 na watu wakajua Desemba, aliyekuwa anatunza siku 90 hakuwa na pa kuangalia.

zamu_ya_usiku

Wakuu narudi baada ya wiki saba kutoa mrejesho, maana najua inaudhi mtu akisaidiwa na kupotea.

Tulianza na foleni mbili kama mama_seva alivyosema. Foleni ya dhahabu ilianza na kanuni 11. Alafu kila ijumaa mchana tunafunga mlango masaa mawili, tunachukua kanuni tatu zenye kelele zaidi za wiki hiyo, tunaamua, tunarekebisha au tunaiacha iwe logi tu, na tunaandika kwa nini. Ile skana ya usiku peke yake ilikuwa inazalisha aleti 310 kwa siku. Akaunti ya bakapu yenye pasiwedi ya zamani, Fundi, ilikuwepo kweli, kwenye seva mbili. Sasa hivi tuko kwenye aleti 34 kwa siku na 5 au 6 ni za dhahabu.

Kanuni ya imeili imelia mara nne. Tatu zilikuwa watu wanapanga visanduku vyao. Ya nne ilikuwa ya kweli, akaunti ya mtu wa manunuzi, folda la RSS tena. Tangu ilipotengenezwa mpaka tulipomkata mvamizi zilipita dakika 26 na hakuna mteja aliyepata ujumbe hata mmoja. Nilimpigia yule dada wa uhasibu nikamwambia, maana yeye ndo tulijifunzia kwake na nilitaka ajue.

Mtego wa Kerberos haujaguswa. Tuliujaribu sisi wenyewe na ukalia. Jaribio la kanuni zote lilituonyesha 3 kati ya 11 hazifanyi kazi, ikiwemo ya 1102, seva sita hazikuwa zinatuma logi ya usalama kabisa.

Bosi amekubali kuachana na mtambo, tumechukua watu wa nje wa usiku na wikendi. Kilichobaki kigumu ni watu wa mifumo, wanabadilisha vitu bila kutuambia na tunakimbizana na aleti ambazo ni kazi zao. Tumeomba tuwe tunapata nakala ya kila tiketi ya mabadiliko, wameanza, lakini wanasahau.

Ile ya simu ya pili kwenye uthibitisho wa hatua mbili inalia mara mbili tatu kwa siku, watu wanabadilisha simu. Tunachofanya tunafungua akaunti yake, tunachukua namba iliyopo pale, tunampigia kuuliza kama ni yeye.

mama_seva

Hongereni sana, dakika 26 ni kazi nzuri mno, na huo mpango wa ijumaa msiuache hata wiki ikiwa nzito.

Ila hapo kwenye kupiga simu simama kidogo. Msichukue namba iliyopo kwenye akaunti. Mvamizi akishaingia anaweza kuwa ameibadilisha na mtakuwa mnampigia yeye kumuuliza kama ni yeye. Chukueni ya kwenye faili la utumishi au muulizeni msimamizi wake wa kazi. Na mtu asipopokea, itoeni akaunti yake kwenye vifaa vyote kwanza ndo muendelee kumtafuta.

zamu_ya_usiku

Hilo hatukuliwaza kabisa. Tumepiga simu kama 60 kwa njia hiyo. Naomba orodha ya namba utumishi leo hii na kesho tunazirudia zote kuanzia ya kwanza.